Gauni Limepwaya

Ukimpelekea Fundi Ijumaa kitambaa siku ya Jumamosi, kufika Jumanne kimeshakuwa gauni. Utapita pale kwenye chumba chake cha kushonea utaliona kwa macho yako mwenyewe, limepigwa pasi, linaning'inia kwenye msumari nyuma ya cherehani. Utasema, "Fundi, si langu lile?" Naye atakutazama bila hata chembe ya aibu, pini zimejaa mdomoni, akujibu, "Ndilo. Njoo Ijumaa." Bembeleza, gomba, apa kwamba hurudi tena. Gauni halishuki msumarini mpaka Ijumaa, na Ijumaa utakwenda, maana mtaa ule hakuna anayeshona kola kama yeye.

Jina hilo alibandikwa na wateja wenye hasira, akaliitikia kama vile amezaliwa nalo. Sababu anayo. Fundi mzee aliyemfundisha kazi alimkaririsha mambo mawili: usikate kitambaa bila kuacha akiba kwenye mshono, na usimtajie mtu siku yenyewe. Akiba ya kitambaa ni ya mteja atakayenenepa. Akiba ya siku ni yako wewe fundi, siku umeme utakapokatika au mgongo utakapokataa kuinama. Ameyashika hayo mpaka yamemwingia damuni. Mumewe, fundi rangi, mtu mpole asiyekosa tone la rangi sikioni, alishazoea: akiambiwa chakula kitakuwa tayari saa mbili, saa moja na nusu ananawa mikono.

Tabia hiyo kwa nguo haina neno. Kwa nguo.

Walikaa miaka mingi kwenye ndoa bila mtoto. Watu wakauliza, wakachoka kuuliza, wakaanza kuwaonea huruma, na huruma ya watu jamani inauma kuliko maswali. Kwa hiyo siku Fundi Ijumaa alipogundua kwamba kuna kitu tumboni hakumwambia mtu mpaka tumbo lenyewe lilipoanza kusema. Mumewe alikaa kwenye ndoo ya rangi akalia. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi mbali, alipopigiwa simu alipiga kelele mpaka simu ikakwaruza, halafu akatangaza, "Nakuja mwezi mmoja kabla. Usibebe kitu, usifue kitu, nakuja."

Hapo ndipo Fundi Ijumaa alipoishiwa nguvu.

Mama mkwe si mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, mwanamke wa kuita watoto wote wa shule kwa sauti moja wakapanga mstari. Tatizo lake ni kwamba hajui kukaa kwenye nyumba ya mtu bila kuipanga. Safari ya mwisho alipokuja, Fundi Ijumaa alirudi kutoka sokoni akakuta nyuzi zake zimepangwa kwa rangi kwenye chupa za jamu, na vipande vya vitambaa, akiba ya miaka, vimetupwa jalalani. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya chumba, anatabasamu, anasubiri kushukuriwa. Fundi alimshukuru. Kisha akaenda jalalani na gunia.

Basi siku ya kliniki ya kwanza, kuchelewa amechelewa, tumbo limeshachomoza, muuguzi akamuuliza, "Hedhi yako ya mwisho ilianza lini?"

Alikuwa anaikumbuka vizuri sana. Ilimwanza akiwa ameshika pasi, tumbo likamkata, na katika kujikunja akaliunguza shati la mwalimu mkuu mgongoni. Nani atasahau siku kama hiyo? Lakini kabla hajafungua kinywa akamwona akilini mama mkwe mlangoni na masanduku yake, mwezi mzima kabla. Ulimi ukafanya kazi uliyoizoea. Akaisogeza tarehe mbele wiki mbili. Muuguzi akaandika, akapiga hesabu, akamtajia siku ya kujifungua. Fundi Ijumaa akatoka pale mwepesi, anajiambia moyoni kwamba ameacha akiba kidogo tu, na akiba haijawahi kuharibu nguo.

Tarehe ile akaitangaza. Akamwambia mumewe, akamwambia mama mkwe, akawaambia wateja kila walipouliza habari za tumbo. Tarehe ukiitaja mara nyingi hivyo unaishia kuiamini mwenyewe. Baada ya miezi kadhaa shati la mwalimu mkuu lilikuwa limeshamtoka kabisa akilini.

Siku ikafika, ikapita. Mama mkwe alikuwa ameshakuja na ameshazipanga sufuria. Ikapita wiki nzima. Mtaa ukapata la kusema, si unawajua watu. Kila aliyepita alichungulia dirishani na utani wake. "Fundi, mtoto yuko tayari, anaonekana kabisa, ila umemwambia aje Ijumaa." Fundi Ijumaa alikuwa akicheka mpaka anashika ubao wa cherehani.

Jumatatu daktari wa kliniki, kijana mwenye subira, akamkalisha na mumewe. Akawaambia kwamba kwa tarehe waliyonayo, wiki moja imezidi. Wengine huzidisha wiki na hakuna linaloharibika, lakini mtoto akikaa sana kondo la nyuma linachoka kumlisha na maji yanayomzunguka yanapungua. "Tunaweza kukuanzishia uchungu kesho. Au tukasubiri siku chache, uje kupimwa keshokutwa, na ikifika Ijumaa bado, tunaanza bila mjadala. Nendeni nyumbani mkazungumze."

Wakazungumza jioni hiyo mezani, sahani zikiwa bado hazijaondolewa. Fundi Ijumaa alikuwa na lake moyoni: dada yake mkubwa alitundikiwa dripu ya uchungu akahangaika mchana kutwa, na mwisho wakampasua. Mpaka leo dada akiona dripu hata ya mgonjwa mwingine anageuza uso.

"Mimi sitaki kuharakishwa," akasema. "Atakuja mwenyewe."

Mumewe alikuwa akikwangua rangi kwenye kucha. "Daktari kasema linachoka, lile... kondo."

"Kasema mtoto akikaa sana."

Wakamgeukia mama mkwe. Fundi Ijumaa alitarajia amri, maana huyu mama alikuwa na amri hata kwa maji ya chai. Lakini mama mkwe alifikiri kwanza, mikono yote miwili juu ya meza.

"Wiki moja tu?" akauliza.

"Wiki moja, Mama."

"Ingekuwa zaidi ya hapo ningekubeba mgongoni mimi mwenyewe. Lakini wiki si kitu. Huyu mumeo nilimzidisha siku kumi, akatoka analia kama ng'ombe. Subiri, mwanangu. Nenda keshokutwa ukapimwe, na Ijumaa kama bado, twende wote."

Hivyo ndivyo walivyokata shauri, watu wazima watatu wenye akili zao. Fundi Ijumaa alilala vizuri.

Jumatano asubuhi akachukua gauni lake la kijani la kwendea kliniki. Alilishona mwenyewe, na kila tumbo lilipoongezeka alikuwa akifumua mshono na kuachia akiba kidogo, mpaka akiba ikaisha na gauni likawa linambana kama ngozi. Siku hiyo alilivaa akasubiri limkabe kama kawaida. Halikumkaba. Akashika kitambaa pembeni ya tumbo, kikajaa kiganjani. Akageuka kwenye kioo upande huu na upande huu. Gauni lilikuwa limepwaya.

Alicheka. Atafanyaje? Alidhani kitambaa kimevutika kwa kufuliwa, ingawa ni yeye aliyekichagua na anajua kwamba kile hakivutiki. Akabana kwa pini mbili na kwenda, na mama mkwe nyuma yake amebeba chupa ya uji.

Mkunga wa zamu alikuwa mwanamke mnene wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wakazoeana mara moja. Alipomwambia apande kitandani, Fundi Ijumaa alizichomoa zile pini na kusema kwa mzaha, "Dada, mimi ni fundi nguo, sikuamini. Gauni nimelitanua mpaka mwisho, leo limenipwaya. Huyu mtoto ananipunguzia kazi."

Mkunga hakucheka. Alikuwa akikunja mikono ya koti lake akaacha katikati, mkono mmoja umekunjwa na mwingine bado.

"Limepwaya tangu lini?"

"Leo. Labda na jana, jana nilivaa kanga."

"Anacheza?"

"Ametulia siku hizi. Mpole kama baba yake."

Huo nao ulikuwa utani wa nyumbani, kila mtu alishaucheka. Mkunga akamlaza, akamwekea mikono tumboni, akapima kwa futi ya kitambaa kama ile ambayo Fundi huitundika shingoni kila siku, akapima tena. Akaweka kile kidude cha kusikilizia mapigo ya moyo. Kilichukua muda. Mapigo yalipotokea Fundi Ijumaa alitabasamu, lakini mkunga aliendelea kusikiliza kichwa kimeinama, na mama mkwe pale kwenye benchi akaiweka chini chupa ya uji.

"Maji yamepungua sana," mkunga akasema. "Na moyo haunifurahishi. Mama, nataka uniambie kitu. Hii tarehe tuliyonayo, una uhakika nayo?"

Fundi Ijumaa akafungua kinywa aseme ndiyo. Na hapo hapo, kitu ambacho hakuwa amekifikiria kwa miezi, akasikia harufu ya shati la mwalimu mkuu likiungua.

Aliona vizuri kabisa alama ya pasi mgongoni mwa shati, rangi ya chai, na kalenda ya ukutani nyuma yake.

"Mama," mkunga akasema, "nijibu."

"Si yenyewe."

"Si yenyewe vipi?"

"Niliongeza. Niliisogeza wiki mbili." Sauti ilimtoka ndogo, kama ya mtoto aliyevunja sahani. "Si wiki moja. Ni tatu."

Mkunga hakumgombeza, ingekuwa afadhali angemgombeza. Alitoka haraka, kandambili zake zikipiga sakafu, na sauti yake ikasikika koridoni ikimwita daktari.

Wakabaki wawili. Mama mkwe alikuwa amekaa wima kabisa kwenye benchi, mikono mapajani, anamtazama mkwewe kama anayemwona mara ya kwanza.

"Wiki tatu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nikakaa pale mezani nikakwambia subiri." Alisema taratibu, yule mwanamke wa sauti ya shule nzima. "Uliniambia wiki moja. Nikakushauri kwa wiki moja. Mimi ningemuua mjukuu wangu kwa mdomo wangu huu, na nisingejua."

Fundi Ijumaa alilishika tumbo kwa mikono miwili.

"Kwa nini, mwanangu?"

Angeweza kudanganya. Uwongo ulikuwepo, tayari, umepigwa pasi: nilisahau, nilichanganya miezi. Alimtazama mama mkwe akashindwa.

"Nilitaka uchelewe kuja."

Mama mkwe alifumba macho kidogo, akayafumbua. Akainama, akaiokota chupa ya uji, akaifunga kifuniko ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

Daktari alikuja, na mumewe Fundi naye akaja, amepigiwa simu amekimbia kutoka kazini, brashi bado imo mfukoni inamchafua. Daktari hakuzungushazungusha. Alisema mtoto amezidi mno na maji hayatoshi. Kama moyo utavumilia wataanzisha uchungu sasa hivi na watausikiliza muda wote. Ukishindwa, watampasua hapo hapo. Kurudi nyumbani hakushauri hata kidogo, lakini mwili ni wa mama na kauli ni ya mama.

"Na mkianza," Fundi Ijumaa akauliza, "atakuwa mzima?"

"Sijui," daktari akasema. "Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya."

Mumewe alimshika bega. Hakuna aliyemwambia afanye nini. Akamfikiria dada yake na ile dripu, na hofu ilikuwepo palepale, haikupungua hata kidogo. Ila sasa ilikuwa hofu ndogo pembeni ya nyingine.

"Anzeni," akasema. "Sasa hivi, msingoje hata mimi nivue gauni."

Uchungu wa kuanzishiwa dada yake hakuutia chumvi. Ulikuja bila kubisha hodi na haukumpa nafasi ya kupumua katikati. Lakini kilichomtesa zaidi kilikuwa yale mapigo. Kila mkunga alipokuja kuyasikiliza, Fundi Ijumaa alibana pumzi mpaka ayasikie na yeye. Chupa ya uzazi ilipopasuka maji yalikuwa kidogo, mazito, ya kijani, na wakunga wawili wakatazamana. Aliliona hilo.

Alhamisi asubuhi, jua limeshaingia dirishani, mtoto akatoka. Wa kike. Hakulia.

Walimpeleka kwenye meza ya pembeni, migongo ikamziba. Fundi Ijumaa aliona kiwiko cha mkunga kikienda na kurudi, kinasugua. Alisikia mrija ukivuta. Hakuomba, hakuita mtu, akili ilikuwa imesimama kabisa juu ya kile kiwiko. Kisha kikasikika kikohozi kidogo cha hasira, na baada ya kikohozi, kilio.

Walipomlaza kifuani pake alishtuka upya. Watoto wachanga alishawaona, alishawashonea nguo. Huyu hakufanana nao. Ngozi ya vifundo ilikuwa ikibanduka, viganja vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa, mwili mwembamba mrefu umepungua nyama. Kucha zilikuwa zimepita ncha za vidole, na shavuni palikuwa na mkwaruzo mwekundu aliojikwaruza mwenyewe. Macho yalikuwa wazi, yanamtazama.

"Huyu alishakuwa tayari siku nyingi," mkunga akasema akimfunika, bila ubaya wowote. "Alikuwa anakungoja wewe tu."

Fundi Ijumaa akaliona akilini gauni la mtu, limepigwa pasi, kwenye msumari.

Wodini saa ya kuona wagonjwa walikuja wawili. Mumewe akamchukua mtoto. Mama mkwe alisimama miguuni pa kitanda, amevaa viatu vya safari. Mtoto akajikwaruza tena, na damu kidogo ikatoka.

Katika mkoba wa Fundi Ijumaa hakukosi mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Mkasi ule hauguswi na mtu mwingine. Mumewe aliwahi kukatia karatasi, wakanuniana wiki. Akautoa, akauomba mkono wa mtoto, akaulenga ukucha wa kidole gumba. Mkono wake, ambao umekata hariri gizani umeme umekatika, ulikuwa ukitetemeka mpaka ncha za mkasi zinagongana. Akajaribu tena. Hakuweza.

"Lete," mama mkwe akasema.

Akampa.

Mama mkwe akakaa kando ya kitanda, akavaa miwani, akakishika kile kidole kwa vidole vyake vilivyomenya viazi vya shule nzima. Akakata ukucha wa kwanza, akaupuliza. Akakata wa pili.

"Ungeniambia nisije," akasema bila kuinua uso, "nisingekuja. Ningenuna siku mbili, basi. Hivyo tu."

"Naogopa kukwambia vitu, Mama."

"Najua. Hata huyu ananiogopa." Akamwonyesha mwanawe kwa mkasi. "Lakini afadhali niwe nimenuna mimi."

Fundi Ijumaa alikuwa akilia sasa, kwa sauti, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakajifanya wanapanga shuka zao. Alilia kwa ajili ya mkwaruzo ule shavuni na kwa ajili ya kile kiwiko kilichokwenda na kurudi, na kwa sababu ya jioni ile mezani na usiku ule aliolala vizuri.

"Unaondoka lini?" akauliza, maana viatu vile vya safari alishaviona.

"Kesho kuna gari."

"Usiondoke kesho. Nakuomba. Nakuomba kwa kweli, siongezi wala sipunguzi."

Mama mkwe alimaliza mkono mmoja, akaukagua kidole kwa kidole, akaufunika vizuri. Mumewe Fundi alikuwa akiwatazama, mara huyu mara yule.

"Nyuzi zangu uzipange unavyotaka," Fundi Ijumaa akasema.

"Nyuzi zako sizigusi." Mama mkwe akavua kiatu kimoja kwa kukisukuma na kidole cha mguu mwingine, kisha akavua na cha pili, akavisogeza chini ya kitanda. "Haya mjukuu wangu, lete mkono wa pili."